Nimelima mwani miaka yote, sasa binti yangu anataka nipigwe leza ya uso

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa miaka 57, nakaa kusini Unguja. Nilikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kijijini kwetu kushuka pwani kupiga vigingi vya mwani, miaka ile ya mwanzo ya 1990, na mpaka leo bado nashuka. Kila bamvua, maji yakitoka mbali, tunainama saa tatu, saa nne, jua la juu linatuchoma mgongo na jua la kwenye maji linatuchoma uso. Kwa kazi hiyo nimesomesha watoto wanne, Alhamdulillahi.

Tatizo langu ni uso. Paji lina mikunjo, pembeni mwa macho mistari imejaa, na shingo imelegea. Mashavuni nina madoa yenye weusi wa kama buluu au majivu, siyo weusi wangu wa kuzaliwa. Chini ya macho vimetapakaa vipele vidogo vyeusi kama alivyokuwa navyo marehemu mama yangu. Hedhi yangu imekatika sasa yapata miaka minne, na tangu hapo naona uzee umenijia mbio.

Nisikufiche jambo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipaka kirimu ya kopo lisilo na maandishi, anaichanganya dada mmoja mjini. Mwanzo ilinitakatisha uso mzima ndani ya wiki moja, nikasifiwa kila nilipopita. Sasa nikiiacha siku mbili tu uso unawaka moto, unawasha na kutoka vipele vyekundu, basi narudi tena kupaka. Vifundo vya vidole vimebaki vyeusi ti.

Binti yangu anafanya kazi Muscat. Harusi ya kaka yake ni baada ya miezi mitatu, na yeye amenitafutia kliniki huko ya kupigwa leza ya kaboni. Anasema ngozi ya juu inaondolewa yote, usoni, shingoni na mikononi, kwa siku moja, halafu inaota mpya. Amenitumia picha za wanawake wa Kizungu kabla na baada, kweli wamekuwa wengine kabisa. Anataka niende mwezi ujao, nikae siku tano, nirudi. Habari ya kirimu hajui, naona haya kumwambia.

Dada yangu mkubwa anasema huko ni kubadili maumbile na kwamba uzee ni heshima. Mume wangu anasema uamuzi ni wangu. Na mimi nataka, Bi Mshauri. Nataka siku moja nikae kwenye picha za mwanangu bila kuvuta mtandio kuficha mashavu. Ila naogopa. Na uso ukiwa kidonda nitatawadhaje? Nishauri kama unavyomshauri ndugu yako.

Mama wa Bwana Harusi, Kusini Unguja

*

Wa alaykum salaam dada yangu,

Nianze na lile unalolingoja: mwezi ujao usiende. Sikwambii uiache leza maisha. Nakwambia kwamba leza ya aina hiyo, juu ya uso uliozoea kirimu ile, miezi mitatu kabla ya harusi, kwa safari ya siku tano, inaweza kabisa kukurudisha nyumbani ukiwa na uso mweusi kuliko ulioondoka nao. Na jambo la kwanza la kushughulikia haliko Muscat. Liko ndani ya kopo lisilo na maandishi.

Hamu yako siioni kuwa kosa hata kidogo. Mwanamke aliyesomesha watoto wanne kwa kamba za mwani ana haki ya kutaka kuonekana vizuri siku ya harusi ya mwanawe, na mumeo amefanya vyema kukuachia uamuzi. Ninachokitaka ni hamu hiyo isikuumize.

Uliposema uzee umekujia mbio tangu hedhi ikatike, hukukosea. Ngozi inashikiliwa na protini iitwayo kolajeni, na homoni ya estrojeni ni miongoni mwa vitu vinavyoilinda. Hedhi ikikoma, estrojeni inashuka, na katika miaka mitano ya mwanzo ngozi ya mwanamke hupoteza takriban asilimia 30 ya kolajeni yake. Uko katikati ya miaka hiyo hiyo. Kabla ya hapo ulikuwa umebebwa na rangi yako: melanini ya ngozi nyeusi inazuia miale ya jua kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa sawa na SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua kinachoandikwa kwenye losheni), wakati ngozi nyeupe yenyewe inafikia 3 hivi. Mzungu aliyeinama pwani miaka uliyoinama wewe angekunjamana mapema zaidi. Lakini hiyo 13 haikuwekwa kwa ajili ya miaka thelathini ya bamvua, jua likija kutoka juu na kurudi tena kutoka kwenye maji.

Sasa tuje kwenye kirimu, na hapa naomba unisome polepole.

Kirimu inayotakatisha uso mzima kwa wiki moja, na ambayo ukiiacha siku mbili uso unawaka, mara nyingi sana ina steroidi kali ndani yake. Inayotumika sana ni klobetasoli. Hiyo ni dawa ya hospitali, hutolewa kwa magonjwa mazito ya ngozi, kwa wiki chache, na kwa uso huogopwa. Ikipakwa miaka, ngozi inakonda, mishipa midogo inaanza kuonekana, michubuko inakuwa mepesi kutokea na vidonda vinachelewa kupona. Huko kuchelewa kupona ndiko kunakonitia hofu na safari yako. Leza ya kuchubua uso ni kidonda kinachotengenezwa kwa makusudi. Uzuri wote unaouona kwenye zile picha umetokana na namna ngozi ilivyopona baada ya kujeruhiwa. Ngozi iliyokondeshwa na steroidi kwa miaka haina nguvu hiyo, na daktari asiyejua kwamba umeipaka atakupiga kwa kipimo cha mtu mwenye ngozi nzima.

Halafu yale madoa ya kama buluu au majivu, pamoja na vifundo vyeusi vya vidole. Sijakuona, kwa hiyo siwezi kukutajia ugonjwa kwa hakika, lakini mchanganyiko huo nimeuona kwa akina mama wengi waliotumia mkorogo. Hidrokwinoni, dawa ya kung'arisha iliyojaa kwenye makopo hayo, ikitumika miaka mingi huweza kugeuka: badala ya kung'arisha inaacha rangi ya buluu iliyokolea weusi ndani kabisa ya ngozi. Wataalamu wanaiita okronosisi. Mwaka 1975 tayari ilikuwa imeandikwa na kuelezwa kutoka Afrika Kusini, kwa watu waliotumia kirimu za kung'arisha. Ubaya wake ni kwamba mtu akiona doa linakolea, anaongeza kirimu, na kirimu ndiyo inayolikoleza. Rangi hiyo imekaa chini, kwenye ngozi ya ndani. Kuichoma ngozi ya juu kwa leza ya kaboni hakuifikii ipasavyo, na joto lenyewe linaweza kuongeza weusi mwingine juu yake.

Makopo ya kuchanganywa mara nyingine yana zebaki pia, na hiyo haikomei usoni, inaingia mwilini na kudhuru figo. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na vilevile Kenya na Rwanda. Anayekuuzia bila maandishi ana sababu ya kutoandika.

Basi utafikiri nitakwambia ulitupe kopo leo usiku. Usifanye hivyo. Steroidi ikikatwa ghafla baada ya miaka, uso unalipuka: unavimba, unawaka, unatoka vipele na maji. Umeshaonja mwanzo wake kila ulipoiacha siku mbili. Wengi hurudia kopo kwa sababu hiyo, wakidhani ngozi yao inaihitaji. Daktari wa ngozi atakushusha kwa ngazi, pengine kwa steroidi dhaifu zaidi kwa muda mfupi, na mafuta ya kulainisha, mpaka uso utulie. Inachukua wiki, kwa wengine miezi. Anza hospitali ya Mnazi Mmoja hapo Unguja, uombe kuonana na daktari wa ngozi au kupewa rufaa kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ukiwa na njia ya kufika Moshi, pale hospitali ya KCMC kipo kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda, RDTC, kilichoanza mwaka 1992, na wataalamu wengi wa ngozi wa ukanda huu wamepita mikononi mwake. Kopo libebe, usilifiche. Omba pia upimwe shinikizo la damu, sukari na mkojo, kwa sababu steroidi na zebaki hupenya kwenye ngozi na kuingia kwenye damu.

Na mwambie binti yako. Najua haya unayoiona. Lakini ametafuta kliniki kwa mapenzi akijua nusu ya habari, na kliniki nayo itakupokea ikijua nusu hiyo hiyo. Huhitaji kumpa historia ndefu. Mwambie tu, "Mwanangu, nimepaka kirimu kali miaka, daktari anasema ngozi ipumzike kwanza." Atakuelewa kuliko unavyodhani, maana hata huko aliko wanawake wenye makopo kama hayo hawakosekani.

Sasa leza yenyewe, maana nataka ukiamua baadaye uamue ukiwa unaijua.

Leza ya kaboni dayoksaidi inatoa mwale ambao hufyonzwa sana na maji. Ngozi imejaa maji. Mwale ukigusa, maji ya kwenye tabaka la juu yanageuka mvuke papo hapo na tabaka hilo linaondoka, na joto linaloshuka chini linaibana kolajeni ya zamani na kuuamsha mwili utengeneze mpya. Kazi hiyo ya kujenga inaendelea miezi mitatu mpaka sita baada ya siku ya leza. Iko nyingine ya erbiamu, ambayo maji yanaifyonza kwa nguvu zaidi, kwa hiyo inakata kwa wepesi na kuacha joto dogo chini.

Lililo kubwa kuliko jina la leza ni namna inavyopigwa. Namna ya zamani, na ndiyo aliyokueleza binti yako, inaondoa tabaka la juu la uso wote. Inachukua wiki moja mpaka mbili kidonda kufunga, na wekundu unakaa miezi. Mwaka 2004 ilielezwa njia nyingine, ya vitobo: mwale unagawanywa kuwa nukta ndogo ndogo nyingi, na kati ya nukta na nukta ngozi inaachwa nzima, kama unavyotoboa mashimo ya mbegu shambani bila kulima lote. Ngozi iliyobaki nzima ndiyo inayokimbilia kuziba vitobo. Hupona kwa siku chache, na madhara ni machache, ila matokeo hayaji mara moja. Mtu anarudi mara tatu, nne, tano, kila baada ya mwezi au zaidi.

Kwa ngozi zetu tofauti hiyo ni kubwa mno. Madaktari hutumia vipimo vya Fitzpatrick, aliyegawa ngozi za watu makundi sita kwa jinsi zinavyoungua na kukolea juani. Wengi wetu pwani tuko kundi la nne, la tano na la sita. Ngozi za makundi haya zikijeruhiwa, kwa chunusi, kwa moto au kwa leza, seli za rangi zinafanya kazi kupita kiasi na pale palipojeruhiwa panakuwa peusi. Umeshaliona hilo ukiungua na mafuta jikoni. Baada ya leza weusi huo kwa kawaida hujitokeza katika mwezi wa kwanza, na kufifia kwake kunaweza kuchukua miezi mingi. Hesabu mwenyewe: leza mwezi ujao, weusi mwezi unaofuata, harusi mwezi wa baada yake. Ungekaa kwenye picha ukiwa katikati ya ubaya wenyewe. Na leza ya kuondoa ngozi yote huweza kuleta kinyume chake pia, mabaka meupe yanayotokea miezi sita au mwaka baadaye, na hayo aghalabu hayarudi.

Zile picha za wanawake wa Kizungu zinaweza kuwa za kweli kabisa. Ni za ngozi nyingine tu. Mwambie binti aombe picha za wanawake wenye rangi yako, zilizopigwa miezi mitatu au zaidi baada ya leza, kwenye mwanga ule ule. Kliniki iliyowahudumia wanawake hao itakuwa nazo au itaeleza vizuri. Ikianza kubabaika, hilo nalo ni jibu.

Uso wako una mambo manne tofauti, na yote umefungiwa kwenye furushi moja la leza. Hapo ndipo biashara inapomzidi daktari.

Vile vipele vyeusi vya chini ya macho, kama ni vile ninavyovidhania, ni vya kurithi, havina madhara, na kwa watu weusi huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Umesema mwenyewe mama yako alikuwa navyo. Havihitaji leza ya uso mzima. Daktari wa ngozi huviondoa kimoja kimoja kwa ganzi ya kupaka na ncha ndogo ya umeme, au huvikata kwa mkasi mdogo. Kazi fupi, na uso wote unaobaki haujaguswa. Hilo peke yake huwabadilisha watu sana, mara nyingi kuliko walivyotarajia.

Mikunjo ya paji na ya pembeni mwa macho ndiyo leza inayoiweza hasa, ile ya vitobo, kwa nguvu ndogo, uso ukiwa umeshapona kutoka kwenye kirimu. Kabla ya hapo ipo dawa ya tretinoini, ya kupaka usiku, ambayo imethibitishwa kwa miaka mingi kwamba hupunguza mikunjo midogo. Ina uvivu wake: inahitaji miezi, na mwanzoni inakausha na kuchubua, kwa hiyo huanzwa kidogo, usiku mbili tatu kwa wiki, na kwako wewe isianzwe mpaka daktari aseme ngozi imetulia. Isinunuliwe dukani kwa kubahatisha.

Shingo na mikono niachie niseme kwa mkazo. Leza haiinui shingo iliyolegea. Na ngozi ya shingo na ya viganja kwa juu ina vinyweleo na tezi za mafuta chache kuliko uso, na ngozi mpya baada ya leza huota kutoka kwenye vishimo vya vinyweleo na tezi hizo. Ndiyo maana shingo hupona taratibu na kupata makovu kwa urahisi. Anayesema atapiga uso, shingo na mikono kwa nguvu moja siku moja, ningemkimbia hata kama ni bure.

Madoa ya majivu nimeshayasema. Yapo matibabu yake, yapo pia ya leza za aina nyingine zinazolenga rangi, lakini ni safari ndefu na matokeo hutofautiana. Kwanza chanzo kikatwe. Na daktari akikutazama mwombe aangalie uso wote: doa lolote lisilopona, linalovuja damu au linalobadilika umbo lisipigwe leza kabla halijajulikana ni nini.

Siku tano za Muscat zinanisumbua kuliko bei. Siku ya tano baada ya leza ya ngozi yote, uso bado unatoka maji. Ungepanda ndege hivyo, ushuke Unguja kwenye joto na vumbi, na matatizo yakianza, awe bakteria, fangasi au ule ugonjwa wa vidonda vya homa mdomoni, aliyekupiga leza yuko ng'ambo ya bahari. Kwa taarifa yako, kama umewahi kutoka vidonda vya homa mdomoni, sema kabla. Leza huviamsha na vinaweza kusambaa uso mzima, kwa hiyo hutolewa dawa ya virusi mapema. Sema pia kama una kovu lolote lililovimba na kukua, kama una kisukari, na kila dawa unayokunywa. Siku ya kwenda kweli, iwe Muscat, Dar es Salaam au Nairobi, kaa karibu na kliniki mpaka ngozi ifunge na daktari akuone tena. Kwanza apige nukta chache za majaribio mahali pa kujificha, nyuma ya taya au mbele ya sikio, kisha msubiri wiki kadhaa muone ngozi yako inajibu nini. Asiyekubali majaribio hayo kwa ngozi nyeusi hajui anachokishika. Na macho yafunikwe kwa vikinga vya leza, bila mjadala.

Ikiwa kuna mtu wa saluni atakayekwambia anayo leza ya bei nafuu hapo hapo mjini, kataa. Nyingi ya mashine hizo ni taa za mwanga mkali wala si leza, na mwanga wake unafyonzwa na rangi ya ngozi. Nimeona mashavu yenye alama za mistatili ya kuungua kwa taa hizo.

Basi harusi. Miezi mitatu inatosha kufanya jambo, siyo jambo dogo. Wiki hii tafuta daktari. Kirimu ianze kushushwa chini ya uangalizi wake. Vipele vyeusi, kama daktari akiona ngozi inaruhusu, viondolewe mapema iwezekanavyo ili alama zake zipate wiki nyingi za kufifia. Ngozi ikiwa haijatulia, visubiri.

Na kuanzia kesho, jua. Tafuta losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, ikiwezekana ile yenye rangi ya ngozi, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo yanazuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa yetu. Paka kipimo cha mistari miwili iliyojaa vidole viwili kwa uso na shingo, kabla hujashuka pwani, na urudie kila saa mbili. Jasho na maji ya bahari vinaiondoa, usidanganywe na maandishi ya chupa. Liwa unayoizoea inaweka utando na ina ubaridi wake, sina ugomvi nayo, lakini peke yake haitoshi saa nne za bamvua. Juu yake vaa chepeo pana la ukili na uache mtandio ushuke pembeni. Hakuna leza, tretinoini wala kirimu ya hospitali itakayofaa kitu kwa mama anayerudi juani uso wazi. Kama kuna jambo moja tu utakalolishika katika barua hii yote baada ya habari ya kopo, liwe hili.

Watakuja pia na singo siku za karibu na harusi. Mwilini jisinge upendavyo. Usoni wakataze wasisugue, hata kama somo wako ataudhika; ngozi yako kwa sasa haistahimili msuguo. Mpambaji naye aelezwe mapema, atumie vipodozi vyenye maandishi, avijaribu nyuma ya sikio lako siku chache kabla. Ngozi iliyotulia, hata ikiwa na mikunjo yake, inapokea vipodozi vizuri. Iliyolipuka haipokei chochote.

Umeuliza kutawadha. Kwa upande wa kidonda, baada ya leza uso huoshwa taratibu kwa maji safi na kupakwa mafuta mazito mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo maji safi yenyewe kwa kawaida si adui. Adui ni kusugua, sabuni kali na maji yasiyo salama. Muulize daktari wako siku hiyo maji yanaruhusiwa lini, kisha jibu lake umpelekee sheikh wako, yeye ndiye wa kukueleza habari ya kutayamamu ikiwa maji yatakudhuru. Na lile la dada yako la kubadili maumbile lipeleke huko huko, ukieleza kila kitu kama kilivyo: kutibu ngozi iliyoharibiwa na kirimu, kuondoa vipele, na kuchoma vitobo ili mikunjo ipungue ni maswali matatu mbalimbali, usiyaulize kama moja.

Ikiwa binti yako ameshalipa arubuni, aiandikie kliniki leo kwamba mgonjwa ametumia steroidi usoni kwa miaka na anaomba miadi isogezwe. Kliniki ya kweli itasogeza yenyewe ikisikia neno hilo. Tarehe mpya asipange sasa. Ipangwe na daktari wako wa ngozi baada ya uso kukaa miezi kadhaa bila kirimu na bila kuwaka, na hiyo itakuwa baada ya harusi kwa vyovyote. Wakati huo ulizeni leza ya vitobo, ya uso peke yake, kwa nguvu ndogo. Fedha inayobaki kwenye shingo na mikono inatosha losheni ya jua ya mwaka mzima.